Diretrisi Aliyeuliza Tulikula Nini

Diretrisi hakukalia benchi la mtu. Alikuwa na kiti chake cha plastiki, chenye rangi ya maziwa na mguu mmoja uliofungwa waya, na kokote alikokwenda ndani ya kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, alikibeba mwenyewe kichwani: kanisani, kwenye foleni ya maharage, harusini, na zaidi ya yote matangani. Ukiona kile kiti kinapita juu ya ukuta wa matofali mabichi, ulijua kuna nyumba imepata msiba. Aliwahi kuwa mkuu wa shule ya msingi kule Uvira, Kongo, na ingawa shule ilibaki ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, cheo alikuja nacho. Wakongomani walimwita Diretrisi, Warundi walimwita Diretrisi, na hata yule Mmalawi aliyeuza nyanya karibu na lango alimwita hivyo akidhani ni jina la ubatizo.

Mimi alinifundisha darasa la tano. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nilimtazama kwa jicho la kitaalamu. Mwanamke aliyewahi kukuvuta sikio mbele ya darasa humtazami kwa jicho la kitaalamu hata upewe shahada ngapi. Unamwogopa tu, na kadiri unavyokua unajifunza kumwogopa kwa adabu zaidi. Nilifika Dzaleka nikiwa na ndevu, na lisansi, yaani shahada ya kwanza, ya Kiingereza niliyoisomea Bukavu, lakini mbele ya wachungaji na mafundi cherehani aliendelea kunitambulisha kama "ule mutoto wa wino". Siku moja pale Uvira nilikunywa wino wa darasa nikitumaini mwandiko wangu utanyooka. Haukunyooka. Nilitapika bluu hadi jioni, na nadhani kazi yangu ya uandishi ilianzia hapo na haijasogea sana.

Miaka ile vita vya pili vilikuwa vinaendelea kwetu. Watu wapya walishuka kambini na vumbi la Tanzania nzima kwenye nguo zao, nasi tuliotangulia tuliwazunguka kuuliza habari za mitaa yetu. Katikati ya hayo nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili mjini Lilongwe. Kanisa moja la ng'ambo lilikuwa likitafuta mkimbizi wa kumsomesha, na nilipoulizwa nataka kusoma nini, mbele ya mzee wa kanisa aliyekuwa ameshaniona daktari, nilisema nataka kusomea utunzi wa hadithi. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba nasomea usekretari. Mchungaji wetu aliniombea Jumapili, akimsihi Mungu anirudishe kwenye njia ya kweli kabla sijahitimu. Fundi mmoja wa Fizi aliniuliza kwa upole kabisa kama ni kweli wasomi wamefungua shule ya kufundisha watu kutunga uongo, maana kwao Fizi mtu anazaliwa anajua.

Diretrisi aliuliza jambo moja tu, kama kutakuwa na mtihani wa mwisho. Nilimwambia hakuna mtihani, kuna kitabu ambacho kila mwanafunzi anakiandika, na kitabu hicho ndiyo tasnifu. Akasema masomo yasiyo na mtihani ni matembezi. Jumapili iliyofuata nilimkuta nje ya kanisa, juu ya kiti chake, akiwaeleza wageni kutoka Bukavu kwamba mwanafunzi wake yuko inversite, na kwamba msingi wote niliupata kwake.

Ndivyo alivyokuwa. Alikemea umbea kwa sauti kubwa, na bado alijua nani ameachwa na nani kabla aliyeachwa hajapata habari. Alihubiri kwamba mwongo huanzia kwenye umri wake, lakini umri wake yeye ulipungua kila alipoulizwa. Ile shule ya Uvira ninaikumbuka vizuri: ilikuwa na rimu ya gari badala ya kengele, na choo kilichoinama upande mmoja. Katika masimulizi yake ya Dzaleka ilikuwa na piano. Nilipojaribu kumkumbusha kwamba hatukuwa na piano, alinitazama kwa huruma akasema siku ilipoletwa nilikuwa mgonjwa, kwa ajili ya ule wino.

Mabishano hayo ya piano yalifika mbali mara moja. Nilishikilia, akashikilia, nikamwambia mbele ya mama yangu kwamba anawadanganya watu, akasimama akanifukuza nyumbani kwake. Nilipofika mlangoni nikamkuta amenitangulia, amesimama katikati na sahani ya maharage. Alinitukana muda wote niliokuwa ninakula, kwa Kifaransa na kwa Kifuliru, na alipoona sahani imekuwa nyeupe akasogea nikapita. Hiyo ilikuwa sheria yake: unaweza kufukuzwa kwa Diretrisi, lakini huwezi kufukuzwa ukiwa na njala. "Njala aina konje," alisema, yaani njala haina likizo, na neno hilo alilitumia kwa kila jambo, kuanzia ndoa hadi siasa. Yeye mwenyewe alikula kidogo, na samaki hakula kabisa. Alisema samaki wa Malawi hawana adabu.

Mahali pamoja ambapo hakuvumilia uongo wa aina yoyote, hata wa kupamba, palikuwa matangani. Kwetu mfiwa hukalishwa chini, kwenye mkeka, na kila kundi la wageni linapofika ni lazima kifo kielezwe upya tangu mwanzo. Pale kambini misiba mingi ilikuwa ya mbali. Mtu alifia Fizi mwaka jana, habari imefika leo, na aliyefiwa hajui aanzie wapi. Diretrisi aliichukua kazi hiyo bila kupewa na yeyote. Aliweka kiti chake mbele ya mkeka, akasubiri kilio kipungue, kisha akauliza kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia kutuuliza saba mara saba ni ngapi:

"Ile siku ya mwisho mulikuwaka naye, asubui mulikulaka nini?"

Waliosikia mara ya kwanza walikasirika. Nimemwona kijana mmoja wa Bukavu akitaka kumtoa nje pamoja na kiti chake. Lakini mfiwa alipangusa pua akafikiri, kwa kuwa swali lilikuwa dogo na jibu lake lilikuwapo. Tulikula viazi vya jana. Tulikunywa chai, sukari ilikuwa imekwisha, akanitania. Kutoka kwenye viazi alitembea mwenyewe hadi kwenye kifo, bila kusukumwa, na wageni wakasikia habari kamili. Diretrisi hakutoa pole ndefu. Alibeba kiti chake akaenda zake.

Yeye mwenyewe hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mumewe nilimjua Uvira, fundi redio, mtu mrefu mwenye bisibisi mfukoni siku zote, hata kanisani. Walipotezana siku risasi zilipoingia mjini, na Diretrisi akavuka ziwa peke yake. "Bwana yangu iko Fizi," alimwambia kila mtu, "atakuya." Miaka ilipita na hakuja. Alilisema hilo kwa ukali kiasi kwamba hata wanawake wa kwaya, ambao hawaogopi kitu, hawakuuliza habari hiyo aliipata wapi.

Mjini nililala Area 23 kwa binamu yangu, fundi cherehani, kwenye godoro lililowekwa kati ya mashine mbili. Mwisho wa juma nilirudi Dzaleka, na kipande cha mwisho cha safari nilikimaliza kwa kabaza, nimekaa nyuma ya baiskeli na begi la vitabu kifuani, nikiwapungia mkono watu ambao hawakuwa wameniaga. Darasani tulikuwa wachache. Alikuwapo mtumishi wa benki aliyeandika mashairi ya mvua, mtawa aliyefundisha Likuni na ambaye hadithi zake zote zilikuwa na mauaji, mtangazaji wa redio, na mimi. Mwalimu wetu tulimwita Dokta, mama mfupi wa Kimalawi mwenye sauti ndogo sana. Alipokukosoa ulijikuta umeshatabasamu kabla hujaelewa alichosema.

Mwezi wa kwanza wa masomo nilinunua skafu. Ilikuwa Oktoba, jua la Lilongwe linapasua vichwa, na mimi nimejifunga skafu shingoni kwa kuwa niliwahi kuona picha ya mwandishi mmoja wa Ulaya amevaa hivyo. Binamu hakusema kitu mbele yangu, lakini nilimsikia akiwauliza wateja wake dawa ya matumbwitumbwi.

Niligundua mapema kwamba wenzangu walitarajia vita kutoka kwangu. Mtumishi wa benki alinitazama kwa heshima kila Kongo ilipotajwa. Ningeweza kuwaambia ukweli, kwamba nilitoka Uvira kabla ya risasi kuanza, kwa mashua iliyobeba mbuzi, na kwamba jeraha langu kubwa ni kuwa mbuzi mmoja alinila kola ya shati wakati nimeinama natapikia ziwani. Badala yake niliandika damu. Kulikuwa na mto, kulikuwa na mwezi mwekundu, na kulikuwa na mwanamume jasiri aliyefanana nami kwa kila kitu isipokuwa huo ujasiri. Mtawa alilia. Dokta aliandika pembeni, kwa kalamu yake ya kijani, "Endelea." Nikarudi Dzaleka nimevimba.

Nilimsomea Diretrisi hadithi hiyo nikiigeuza Kiswahili kadiri ninavyokwenda. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye mwezi mwekundu alifumbua jicho moja, akalifumba tena. Nilipomaliza aliniuliza yule mwanamume wangu, kabla ya kukimbia, alikula nini. Nikasema sijui, hadithi haihusu chakula.

"Basi hakukuwaka kule," akasema, yaani mtu wangu hakuwapo siku hiyo.

Mtu mwenye akili angelifikiria neno hilo kwa wiki nzima. Mimi debe tupu nilitoka nalo mbio, nikaanza kulisha watu. Tangu siku hiyo hakuna mhusika wangu aliyekimbia bila kula. Walikula sombe yenye mawese, walikula lengalenga na ndagala, walikula maharage na ndizi. Jeshi liko mlangoni na bibi kizee anaomba asogezewe pilipili. Dokta aliuliza pembeni, kwa ile kalamu ya kijani, kama watu hawa wako vitani au harusini.

Mwaka wa pili Dokta alitutaka kila mmoja alete darasani mtu anayejua kusimulia. Nilijua moja kwa moja nitamleta nani. Niliwaahidi wenzangu mama wa kambini aliyeyaona mambo kwa macho yake, na niliposema "kwa macho yake" nilipunguza sauti. Diretrisi alikubali kwa sharti moja, kwamba kiti chake kije. Kondakta wa minibasi alimwita agogo, yaani bibi, akataka kukifunga kiti juu ya paa. Alijibiwa kwa Kifaransa hadi kiti kikaingia ndani, kikasafiri mapajani mwangu.

Alikuwa amevaa kitenge cha sherehe. Nilimtambulisha kwa Kiingereza kirefu, nikamwita hazina. Diretrisi aliweka kiti chake, akatazama ubao, akaona haukufutwa vizuri, akaufuta. Kisha akachukua chaki akafundisha hesabu za kugawanya. Alifundisha kwa Kiswahili na Kifaransa, nami nikatafsiri huku jasho linanitoka ndani ya skafu. Mtumishi wa benki aliitwa ubaoni, akakosea, akaambiwa ni aibu, mtu mzima namna ile. Mtawa alipata, akapigiwa makofi, na hadi leo naamini hakuna siku aliyoifurahia zaidi katika kozi ile. Muda ulipokwisha Diretrisi alijipangusa chaki, Dokta akamwambia "zikomo, amayi", yaani asante, mama, na mimi nikaendelea kutazama sakafu.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza kwa nini hakusimulia. Akasema darasani watu wanakwenda kusoma. Nikamwambia waziwazi kwamba nilitaka wasikie ile siku ya Uvira, kwa kuwa hata mimi ninaihitaji.

"Ile siku si yangu peke yangu," akasema. "Bwana yangu akikuya, tutaieleza sisi babili."

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Tasnifu, kwa uamuzi wa Dokta, ilipaswa kuwa picha ya mtu mmoja aliye hai, na ndani yake ilipaswa kuwapo siku iliyoyapasua maisha yake vipande viwili. Nilikuwa nimeshamtaja Diretrisi na haikuwezekana kumbadili. Niliandika kiti, niliandika piano na wino na matanga. Siku yenyewe ilikuwa ukurasa mweupe. Bila siku hiyo tasnifu isingepita. Bila tasnifu, lile kanisa la ng'ambo lingegundua kwamba limemsomesha mtu kuvaa skafu, nami ningerudi Dzaleka bila hata ule usekretari.

Nikafanya nilichofundishwa kufanya. Nilimkumbuka yule fundi redio mrefu, nikampa asubuhi. Nilimketisha uani kwenye mkeka kabla jua halijawa kali. Mkewe anamletea mukeke wa kuchoma, yule samaki wa Tanganyika ambaye mtu wa Uvira akimkumbuka ugenini hula chakula kingine kwa hasira, pamoja na bugali ya muhogo inayofuka moshi, na pilipili pembeni. Nilimfanya ale polepole. Nilimfanya amsifu mpishi. Aliposhiba alinawa mikono, akaangalia kama bisibisi iko mfukoni, akatoka, na baada ya hapo tu nikaruhusu risasi zianze. Niliona ni kazi nzuri mno, hasa pale pa kunawa mikono.

Nilikwenda kumsomea Diretrisi huku nikiwa tayari kuvutwa sikio. Sikuvutwa. Nilimaliza ukurasa ule, nikaanza unaofuata.

"Rudilia," akasema.

Nikamuuliza nirudie wapi.

"Pale anakula."

Nikarudia. Nilipofika mwisho aliniomba tena, nikarudia tena, taratibu zaidi, na nikaongeza ishara za mikono. Diretrisi alikuwa ameshika magoti yake, macho yako chini. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa najitazama kwa mbali na kujipenda: mwandishi ambaye wakubwa wanamwomba arudie. Mcheza kwao hutuzwa, nilijiambia. Lilongwe niliwaeleza darasa zima. Binamu nilimweleza mara nyingi, hadi akajifunza kuikanyaga mashine kila nilipofungua mdomo. Haikunijia hata kidogo kwamba hakuniambia kama nimepatia au nimekosea, yeye ambaye aliwasahihisha hata wachungaji wakiwa madhabahuni.

Zilikuwa zimebaki wiki chache niiwasilishe tasnifu. Nilishuka kwenye kabaza mchana, tasnifu imo begini, na kitu cha kwanza kukiona ni kile kiti. Kilikuwa kimeegemezwa ukutani nje ya nyumba ya Diretrisi na hakuna aliyekikalia. Wanawake wa kwaya walijaa uani. Waliniambia kwamba amefika mama mmoja kutoka Fizi, mtu aliyekuwa jirani yao Uvira, na kwa kuwa hakujua kwamba huku watu wanasubiri, alilitaja kama jambo ambalo kila mtu analijua. Yule fundi redio alikufa zamani, wiki ileile ya kukimbia. Alizikwa njiani kwenda Baraka, na yeye huyo mama alikuwapo.

Diretrisi alikuwa ndani, chini, kwenye mkeka. Sikuwahi kumwona akiwa chini. Alikuwa mdogo, na kitambaa cha kichwa kilikuwa kimekaa upande naye hakujali. Wageni waliingia kundi baada ya kundi, wakaketi kungoja kifo kielezwe, na hakuna aliyeeleza, kwa sababu mwenye kazi ya kuuliza ndiye aliyekuwa amefiwa. Mchungaji alijaribu zaburi. Mama yangu alijaribu kilio. Kisha yule fundi wa Fizi akaniona mlangoni, akasema huyu si ndiye aliyesomea mambo haya. Kabla sijakataa, kiti kiliingizwa ndani kikawekwa mbele ya mkeka, nikakalishwa.

Nilivua skafu. Nilianza kwa maneno mazuri ambayo sitayarudia hapa kwa sababu bado nina aibu. Inatosha kusema kwamba neno "hazina" lilirudi. Diretrisi alinisikiliza kwa uvumilivu, kama anavyomsikiliza mtoto aliyepotea katikati ya hesabu. Mwishowe nikanyamaza. Swali nililijua. Kila mtu mle ndani alilijua. Nililiogopa, kwa sababu jibu lake nilikuwa nimeshaliandika mimi mwenyewe, na lilikuwa begini, limechapwa vizuri.

"Diretrisi," nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya darasa la tano. "Ile siku, asubui, mulikulaka nini?"

Alirudisha kitambaa cha kichwa mahali pake.

"Hatukulaka kitu," akasema.

Wanawake waliokuwa wakiingia walisimama pale mlangoni.

"Jana yake alikuyaka na mukeke, ya muzuri. Bandugu zake bakapita, akabapatia yote. Mi nikakasirika. Asubui akaomba chakula, nikamuambia aende akule kwa bale balikula mukeke yake. Akacheka kidogo. Akatoka na njala."

Baada ya hapo aliendelea mwenyewe. Alieleza kwamba alikaa na hasira yake kidogo, kisha akaona imetosha, akawasha moto, kwa kuwa mtu aliyetoka na njala atarudi na njala. Bugali ilikuwa inaanza kushika, risasi zilipoanza upande wa bandari. Alisonga bugali akiwa amekaza macho kwenye njia. Majirani walimvuta mkono akakataa, wakamvuta tena, na akaondoka chungu kikiwa motoni. Kundi lingine la wageni lilipoingia alieleza upya, tangu mwanzo, bila kuruka kitu, na yule mama wa Fizi akamalizia sehemu ya Baraka. Ikawa imeelezwa na watu wawili.

Nililia. Nilikuwa nimezoea kuandika watu wanaolia kwa uzuri, chozi moja shavuni. Mimi nililia kwa kamasi na kwikwi, juu ya kiti cha watu, hadi mama yangu akaniona haya.

Mchana ulipopungua, wanawake walianza kugawa nsima, ugali wa Malawi, na maharage. Diretrisi aliniita kwa kichwa. Nilishuka kwenye kiti nikakaa karibu na mkeka. Aliniuliza kama kile kitabu nimeshampelekea Dokta wangu. Nikasema bado, na kwamba leo hii naondoa ile asubuhi, naandika kama alivyoieleza. Nikaongeza kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kutopamba. Alikuwa amepewa sahani na alikuwa akiitazama tu.

"Mule ndani mwa kitabu anakula?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Anashiba?"

"Anashiba, Diretrisi. Ananawa na mikono."

Alimega nsima, akaishika bila kuila.

"Basi muache akule."

Nikamwacha. Kitabu kilikwenda vilevile kilivyokuwa, na mukeke wake na bugali yake, nami nikapita kwa shida. Pembeni mwa ukurasa ule Dokta aliandika kwa kalamu ya kijani kwamba asubuhi hii ndiyo sehemu pekee isiyoaminika katika kazi yote. Nilikuwa mtu wa kubishana naye kwa kila nukta na kila mkato, lakini hapo sikubisha.